Mtu Mashuhuri Hatoshi: Nani Huwavuta Watu kwenye Vita vya Vijisanamu?

Miongoni mwa wachezaji wachache wa Nairobi wanaopanga majeshi ya vijisanamu juu ya meza na kurusha dadu ili kuamua safu ya nani imevunjika, pana hoja inayojirudia kila wanapolalamikia uchache wao. Hoja yenyewe ni kwamba mchezo huu haukukosa wa kuupenda, bali umekosa wa kuunadi: laiti mwigizaji, mwanamuziki au mchekeshaji mmoja mwenye wafuasi wengi angeonekana na brashi mkononi akimpaka rangi askari asiyefikia urefu wa kidole gumba, vijana wangemfuata. Wanaoitetea humtaja Henry Cavill, mwigizaji wa Uingereza aliyejulikana dunia nzima kwa kumwigiza Superman, ambaye hajawahi kuuficha upenzi wake wa vijisanamu. Wanaoipinga hujibu kwamba hakuna anayebaki katika mchezo huu kwa sababu ya sura aliyoiona kwenye simu; watu hubaki kwa sababu kuna mtu aliyewaketisha mezani na kuwaazima jeshi. Kila upande una ushahidi wake, na ushahidi huo ulianza kabla hata ya redio, kwa hiyo yafaa ufuatwe kwa utaratibu.

Kwa msomaji ambaye hajauona, mchezo wenyewe si mgumu kuueleza. Wachezaji wawili huweka juu ya meza mandhari ya vilima, nyumba na miti. Kila mmoja huwa na vijisanamu vya plastiki, vya madini au vya resini, aghalabu vya urefu wa milimita 28. Huvisogeza kwa zamu wakipima umbali kwa rula au utepe, na matokeo ya kila shambulio huamuliwa na dadu kwa mujibu wa kitabu cha kanuni. Vita vinaweza kuwa vya kweli, kama vya Napoleon, au vya kubuni, kama vya Warhammer 40,000, ambao ndio mchezo unaojulikana zaidi wa aina hii. Anayeingia huingia katika kazi tatu kwa mpigo, yaani kupaka rangi, kusoma, na kucheza, na si ajabu mtu akaipenda moja tu kati ya hizo kwa miaka mingi.

Tuanze na Cavill, kwa kuwa ndiye nguzo ya upande wa kwanza. Mwaka 2020, dunia ilipojifungia kwa sababu ya korona, aliwaonyesha wafuasi wake vijisanamu alivyokuwa akivipaka rangi nyumbani. Desemba 2021, katika kipindi cha televisheni cha Graham Norton, mtangazaji aliukosea jina mchezo huo na kutaja mwingine, naye Cavill akamsahihisha papo hapo, na kipande hicho cha video kikazunguka duniani. Desemba 2022 ikatangazwa kwamba yeye na Amazon wangeuleta ulimwengu wa Warhammer 40,000 kwenye filamu na televisheni, na Desemba 2024 kampuni inayoumiliki, Games Workshop, ilithibitisha kwamba makubaliano yamekamilika. Mwezi huohuo kampuni hiyo ya Nottingham iliingia katika orodha ya FTSE 100, yaani kampuni 100 kubwa zaidi za soko la hisa la London. Anayeyasoma matukio haya kwa haraka huona mstari ulionyooka: mtu maarufu alisema, watu wakanunua, kampuni ikapanda.

Mstari huo una kona nyingi. Games Workshop ilianzishwa London mwaka 1975 na Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake. Warhammer ya kwanza ilitoka 1983, na Warhammer 40,000, kazi ya Rick Priestley, ikafuata 1987. Kwa hiyo Cavill alipokuwa akiusifia mchezo hadharani, ulikuwa umetimiza zaidi ya miaka 30, ulikuwa na mamia ya maduka yake wenyewe, na watoto walioucheza zamani walikuwa sasa wazazi wenye mishahara. Cavill mwenyewe, aliyezaliwa 1983, aliandika wakati wa tangazo la 2022 kwamba filamu ya namna hiyo alikuwa ameiota kwa miaka 30, yaani tangu akiwa mtoto wa miaka tisa hivi. Hakuna nyota wa sinema aliyehitajika kumvuta mtoto huyo. Alikulia mahali ambapo sanduku la vijisanamu liliweza kumfikia, na hilo ndilo jambo ambalo sifa za watu mashuhuri hulifunika.

Mtu wa kwanza mwenye jina kubwa kuunadi mchezo huu kwa umma alikuwa H. G. Wells, mwandishi wa riwaya, aliyechapisha mwaka 1913 kitabu kidogo kiitwacho Little Wars. Ndani yake mna kanuni za kupigana kwa askari wa sanamu, sakafuni, kwa kuwalenga kwa mzinga mdogo wa springi unaorusha kijiti cha mbao. Kabla yake maofisa wa Prussia walikuwa na mchezo wao wa vita, ambao Georg von Reisswitz mdogo aliukamilisha mwaka 1824 kutokana na kazi ya baba yake, lakini ule ulikuwa wa ramani na wa kambini, na aliyeusifu alikuwa jenerali. Wells aliutoa mchezo kambini akauleta sebuleni. Uzito wa jina lake haukanushiki: mtu mzima, msomi, mwandishi anayesomwa kote, alikubali kuonekana akitambaa sakafuni pamoja na wageni wake na mzinga wa kuchezea.

Hata hivyo mzinga ule na askari wale vilikuwa bidhaa za dukani. Mwaka 1893 kampuni ya William Britain ilikuwa imebuni namna ya kumimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa katika kalibu kiasi kwamba askari alitoka akiwa mtupu ndani. Madini yakapungua, bei ikashuka, na askari wa Kijerumani waliojaa madini kutoka utosini hadi unyayoni wakashindwa kushindana sokoni. Wells alipoandika, nyumba nyingi za tabaka la kati la Uingereza zilikuwa tayari na askari hao sandukuni. Kitabu chake kiliwaambia wenye askari la kufanya nao, na kwa asiyekuwa nao kilibaki kitabu cha kuchekesha cha mwandishi maarufu.

Wells alilijua pia pingamizi ambalo mchezaji wa Nairobi hukutana nalo kwa mzazi au kwa mchungaji, kwamba si vyema kuvifanya vita kuwa burudani. Mwishoni mwa kitabu chake alijibu kwamba akicheza vita vidogo hata mara chache tu, mtu huona wazi jinsi vita vikubwa vilivyo jambo la kuboronga, na kwamba heri watu wagombane sakafuni kuliko uwanjani. Mwaka mmoja baadaye vita vikubwa vilikuja, naye akaviunga mkono kwa kalamu yake. Simsuti, wengi waliyumba mwaka ule. Ninachosema ni kwamba jibu la mtu mashuhuri wa mbali halimsaidii sana kijana wa hapa, katika mji uliolipuliwa Agosti 1998, ulioona damu mitaani baada ya uchaguzi wa 2007, na ulioshuhudia Westgate mwaka 2013. Mama anayemuuliza mwanawe kwa nini anachezea bunduki ndogo hataridhika kuambiwa kwamba Superman naye anazichezea. Anahitaji jibu la mtu anayemjua, aliyeketi kwake na kunywa chai yake.

Ikiwa Wells ni mfano wa jina lililotangulia mchezo, Donald Featherstone ni kinyume chake, na kwangu yeye ndiye anayestahili kuangaliwa kwa makini zaidi. Alizaliwa mwaka 1918, akapigana Vita vya Pili katika kikosi cha vifaru, kisha akafanya kazi ya kuwanyoosha viungo wagonjwa huko Southampton. Hakuwa nyota wa aina yoyote. Mwaka 1962 alichapisha kitabu kiitwacho War Games, na ndani yake hakuweka kanuni zake tu: aliweka pia za Tony Bath kwa vita vya kale na za Lionel Tarr kwa vita vya karne ya 20, yaani aliwaingiza rafiki zake kitabuni pamoja naye. Kuanzia mwaka huohuo hadi 1980 alitoa jarida la wachezaji, lililompa mtu aliyejiona peke yake katika mji wake njia ya kujua kwamba yuko mwingine wa kucheza naye. Alifariki mwaka 2013, na wachezaji wengi wazee wa Uingereza wakiulizwa nani aliyewaingiza mchezoni, bado humtaja yeye.

Kwa nini alifaulu? Wapenzi wake husema ni kwa sababu ya mtindo wake wa uandishi, na ni kweli kwamba aliandika kama mtu anayekualika, bila kujifanya profesa. Lakini iko sababu nyingine iliyomwinua bila yeye kuitengeneza. Mwaka 1959 kampuni ya Airfix ilikuwa imeanza kuuza masanduku madogo ya askari wa plastiki, makumi kadhaa katika sanduku moja, kwa bei ambayo mtoto aliweza kuilipa kwa fedha zake za mfukoni. Miaka mitatu baadaye kikaja kitabu kinachoeleza jinsi ya kupigana nao. Askari wa bei nafuu bila kitabu wangeishia chini ya kitanda, na kitabu bila askari kingeishia maktaba. Ni vigumu kusema kipi kilimvuta nani, na ninashuku kila anayedai kujua.

Marekani ilikuwa na kisa kinachofanana, na hiki kinapaswa kuwachangamsha watu wa Nairobi kuliko vyote. Gary Gygax, wa mji mdogo wa Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, aliandika pamoja na Jeff Perren kanuni za vita vya enzi za mashujaa wa farasi, zilizotoka mwaka 1971 zikiwa na nyongeza ya mazimwi na wachawi; kutokana nazo, kwa ushirikiano na Dave Arneson, ukazaliwa mwaka 1974 mchezo wa Dungeons & Dragons. Alipohitaji mazimwi ambayo hakuna aliyekuwa akiyauza, Gygax alinunua pakiti ya wanyama wa plastiki wa ajabu ajabu waliotengenezwa Hong Kong, wale wa kuning'inizwa dukani kwa senti chache, akawapa majina na tabia. Baadhi yao wamo katika mchezo huo hadi leo, na sasa huuzwa kwa bei ambayo ingemshangaza aliyewatengeneza. Pakiti za namna hiyo, pamoja na zile za askari wa kijani wa plastiki, zinapatikana kwenye vibanda vya vitu vya kuchezea mjini kwetu, na sijui wachezaji wangapi wa hapa huzitazama mara mbili. Wengi wetu tumefundishwa na watu tunaowafuata mitandaoni kwamba kijisanamu halali ni kile kilichotoka Nottingham.

Hapo ndipo upande wa pili unapopata nguvu. Jeshi kamili la Warhammer 40,000 si sanduku moja. Na sanduku moja kubwa, ukijumlisha usafirishaji, ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16, hupita kwa urahisi kodi ya mwezi ya chumba kimoja katika mitaa mingi ya Eastlands. Mtu mashuhuri anaposifia mchezo, husifia mchezo anaocheza yeye, na yeye hucheza kwa kipato chake. Hamu inayowashwa hivyo huishia kwa kijana anayetazama video kwa miaka miwili bila kugusa dadu, akijua majina ya majeshi yote na asijue hisia ya kushindwa zamu ya mwisho. Wakati huohuo zipo kanuni zilizoandikwa kwa watu wenye mfuko mwembamba, ambazo waandishi wake hawana umaarufu wa sinema. De Bellis Antiquitatis, iliyotoka mwaka 1990, huhesabu jeshi zima kuwa vipande 12 tu. Frostgrave ya Joseph McCullough, ya mwaka 2015, huhitaji watu kumi kwa kila upande na haijali wametengenezwa na nani. Mchoraji Peter Dennis amechora majeshi mazima ya karatasi ya kukata na kubandika. Kama Nairobi ingekuwa na mtu wa kuwatangaza hawa watatu, nadhani ingepata wachezaji wengi kuliko ingepata kwa kutembelewa na Cavill mwenyewe.

Lakini nisiwaonee wanaotetea watu mashuhuri, kwa sababu kuna jambo moja wanalolifanya ambalo mwalimu wa mezani hawezi kulifanya, nalo ni kuondoa aibu. Mwanamume wa miaka 35 anayepaka rangi vijisanamu katika nyumba ya kupanga huko Umoja au South B ana mengi ya kueleza. Majirani wanaelewa mpira, wanaelewa karata na drafti, wanaelewa PlayStation. Hawaelewi kwa nini mtu mwenye kazi amenunua wanasesere. Peter Cushing, mwigizaji wa filamu za kutisha, alionyeshwa mwaka 1956 katika filamu fupi ya habari akicheza kwa askari wake kwa mtindo wa Wells, na nina hakika wako Waingereza waliopumua waliposhuhudia kwamba si wao peke yao. Cavill amewafanyia wa sasa jambo hilohilo. Umbo lake lenyewe ni hoja: hakuna anayeweza kumwambia mtu wa kifua kile kwamba mchezo wake ni wa watoto. Mtu aliyekwisha kuingia hulihitaji hilo ili abaki bila kujificha, na kubaki si jambo dogo.

Ningeongeza, kwa wanaodhani watu wazima wa huku hawajawahi kucheza ujeshi hadharani, kwamba historia yetu inasema vingine. Ngoma ya beni, iliyochipuka katika miji ya pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ilikuwa mchezo wa kijeshi wa watu wazima: gwaride, sare za kuigiza, tarumbeta, vyeo kuanzia wafalme na majenerali kushuka chini, na ushindani wa vyama ambao haukuwa wa mzaha. Katika Tanganyika majina ya Marini na Arinoti yalijulikana kila mji. Walioieneza beni barabarani na kambini walikuwa askari na wachukuzi wa Vita vya Kwanza, watu wasio na jina, jambo ambalo upande wa pili wa hoja yetu utalifurahia. Ila waliofanya chama kiwe na heshima mjini walikuwa viongozi wenye cheo, ukarimu na mfuko, watu wa kuonekana, na hilo ni la upande wa kwanza. Beni ilihitaji wote wawili, lakini kwa wakati tofauti: wasiojulikana waliileta, wanaojulikana waliipa hadhi.

Iko hasara moja ya kufuata watu mashuhuri wa mbali ambayo wachezaji wa hapa huigusa mara chache, nayo ni kwamba anayekuvuta mezani ndiye pia anayekuchagulia vita. Featherstone na wenzake waliandika juu ya vita walivyovisoma shuleni, na hivyo vita vya Afrika vikaingia mezani kupitia dirisha la dola. Mchongaji Mark Copplestone aliichongea kampuni ya Foundry mkusanyiko maridadi wa vijisanamu vya Afrika ya karne ya 19, wakiwamo ruga-ruga, yaani wapiganaji wa kukodiwa wa bara, askari na wafanyabiashara wa Zanzibari, na mkusanyiko huo ukauzwa kwa jina la Afrika ya Giza. Kazi yenyewe ni nzuri na imefanywa kwa utafiti. Jina ni la kitabu cha mvumbuzi Henry Morton Stanley, na limebaki kwa sababu walionunua hawakuona tatizo. Mkenya anayeufungua mkusanyiko huo hujikuta amepewa majukumu yaliyogawanywa kabla hajafika.

Chukua vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918, ambavyo wachezaji wa Ulaya wanavipenda kwa sababu zinazoeleweka. Novemba 1914 kikosi cha Waingereza na Wahindi cha takriban watu 8,000 kilishuka Tanga kikarudishwa baharini na watu wasiozidi sana 1,000 wa kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, huku nyuki waliochokozwa wakiwashambulia wote bila kubagua. Hakuna mwandishi wa kanuni anayeweza kuwaacha nyuki hao; wana kurasa zao. Wasio na kurasa ni wachukuzi. Vita vile vilisukumwa kwa vichwa na mabega ya watu wa Carrier Corps, waliochukuliwa kwa mamia ya maelfu na kufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina lao limebaki Kariakor, na katika sanamu ya watu watatu iliyosimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue mmoja ni mchukuzi. Waliojenga sanamu ile, pamoja na ukoloni wao wote, walimpa mchukuzi nafasi ya theluthi moja. Kwenye meza ya mchezo huwa, kwa kawaida, alama ya shehena tu, kama yupo kabisa.

Mtetezi wa watu mashuhuri atasema kwamba bila wapenzi hao wa Kiingereza nisingekuwa hata na kijisanamu cha askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) cha kulalamikia, na hapo atakuwa na haki. Sare, vifungo, aina ya bunduki na mpangilio wa kombania za vita vile vimehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa na watu wanaocheza, wakati mwingine kuliko vilivyohifadhiwa na sisi wenyewe. Huo ni mchango. Hautoshi, lakini ni mchango.

Suala la wanawake nitalipitia kwa ufupi, maana mwelekeo wake ni uleule. Wells aliandika katika jina kamili la kitabu chake kwamba mchezo ni wa wavulana wa kuanzia miaka 12 hadi 150, na wa wasichana wenye akili zaidi wanaopenda mambo ya wavulana. Ilikuwa kejeli, na kejeli hiyo imedumu. Ilhali mwaka 1942 huko Liverpool, katika kitengo kilichoongozwa na Gilbert Roberts, wanawake vijana wa jeshi la majini la Uingereza, akiwamo Jean Laidlaw, waliendesha sakafuni michezo ya vita vya manowari na kuwafundisha makamanda wa meli mbinu za kuokoa misafara ya Atlantiki. Hawakugeuzwa kuwa nyuso za mchezo huu. Kama umaarufu ndio ungekuwa kipimo cha mchango, tungewasahau, na kwa miaka mingi tuliwasahau.

Katikati ya nyota na jirani limeibuka kundi la tatu, nalo ni walimu wa video. Anayejulikana zaidi ni Duncan Rhodes, aliyefundisha kupaka rangi katika video za Games Workshop hadi alipoondoka mwaka 2019 na kuanzisha mafunzo yake mwenyewe; ushauri wake wa kupaka rangi nyepesi mara mbili badala ya nzito mara moja umekuwa kama salamu ya wachezaji. Umaarufu wake umetokana na kufundisha, si kinyume chake, na kwa mchezaji aliye peke yake Rongai au Ruiru mwalimu wa namna hiyo ana thamani kubwa. Hata hivyo video haimpi mtu mpinzani. Unaweza kupaka rangi jeshi zima ukiwa peke yako, kwa utulivu, na mwisho wa kazi ukawa na kabati zuri na hakuna wa kucheza naye.

Kwa hiyo naegemea upande wa pili, ila si kwa sababu ambazo kwa kawaida hutolewa. Sidhani jirani ni bora kuliko nyota kwa kuwa yu karibu. Ninaona kwamba Wells, Featherstone na Cavill wote walizungumza mahali ambapo askari wa bei nafuu, au walau wa kupatikana, walikuwa wameshafika dukani kabla yao, na sauti zao zikaangukia penye kitu cha kushika. Nairobi leo ina sauti bila kitu cha kushika. Anayehitajika kwanza ni mtu wa aina ya Featherstone: aandike kanuni fupi kwa Kiswahili, aonyeshe namna ya kupata vijisanamu kutoka kwa askari wa kijani wa kibandani, kutoka kwa karatasi ngumu, au kutoka kwa printa za 3D ambazo zimeanza kupatikana mjini, na awe radhi kuwaazima wageni jeshi lake Jumamosi mchana. Nyota akija baada ya hapo atakuwa na pa kuwaelekeza watu. Akija kabla, atawaelekeza kwenye mzigo uliokwama forodhani.

Mtu huyo akiniuliza aanze na vita gani, ningempendekezea Salaita, kilima kilicho karibu na Taveta, ambapo Februari 12, 1916 Waafrika Kusini waliwashambulia Wajerumani na askari wao, lakini Waafrika Kusini hao ndio waliorudishwa nyuma. Uwanja ni mdogo, vikosi vinahesabika, na mahali penyewe panafikika kwa mtu anayetaka kupaona kabla ya kupatengenezea meza. Kanuni moja ningeisisitiza: kila kombania iwe na wachukuzi wake mezani, wanaoweza kuchoka, kuugua na kutoroka, na kombania iliyopoteza wachukuzi wake isiweze kufyatua risasi baada ya zamu ya tatu. Mchezaji wa Ulaya akiusoma mchezo huo huenda akashangaa kwa nini nusu ya vijisanamu vyake havina bunduki. Kanuni zenyewe zingeenea kwenye kurasa kumi, na wachukuzi wangechapishwa kwenye karatasi ngumu katika duka lolote la kuchapisha la River Road.